Mzigo hupungua kwenye ramani kwanza

“Dada, begi lako lina kilo ngapi?”

Hatukuwa tumemaliza hata kusalimiana. Kijana huyu alijiunga nasi kwa safari ya siku saba kwa miguu, na kabla hajaniuliza jina alitaka kujua kilo zangu. La kwake, akasema, lilikuwa kilo 4.3 bila maji wala chakula. Akanitajia kitu kimoja kimoja kwa gramu, kuanzia hema mpaka kijiko. Nilimsikiliza kwa heshima, maana najua mtu anavyohangaika kufika hapo. Halafu nikamuuliza leo maji tutayakuta wapi. Hakujua. Kwa hiyo alikuwa amebeba lita nne.

Lita moja ya maji ni kilo moja, na hakuna fundi awezaye kuipunguza. Njia ile inavuka mto kilomita sita baada ya pale tulipoanzia, na mwingine kabla ya saa sita mchana. Yote miwili imo kwenye ramani, imechorwa kwa buluu, mtoto anaiona. Mimi niliondoka na lita moja. Yeye alifika mto wa kwanza na lita tatu na nusu mgongoni, akavua viatu akavuka, akaendelea kupanda nazo. Chakula nacho alikuwa amebeba cha siku zote saba, kiasi cha gramu 800 kwa siku, wakati siku ya nne tunakatiza barabara yenye maduka. Jioni nilikaa nikapiga hesabu. Maji ya ziada kilo tatu, chakula cha ziada kilo 2.4. Jumla kilo 5.4, ambazo ni nyingi kuliko begi lake na kila alichokuwa amekihesabu ndani yake.

Kuna jambo limenikaa kooni tangu turudi, ndiyo maana naandika. Simlaumu yule kijana. Nawalaumu wote tunaomtangulia, kwa sababu kila tukikutana hatuna mazungumzo mengine ila gramu. Nani ana hema la nusu kilo, nani amekata mikanda ya begi, begi la nani liko chini ya kilo 4.5 bila maji wala chakula. Mgeni akitusikiliza mwezi mzima atajua bei ya kila kitambaa, na hatajua kusoma mistari ya mwinuko kwenye ramani. Hata hiyo 4.5 tunayoiapia ni pauni 10 tu zilizogeuzwa kilo. Mtu fulani alipenda namba kamili. Mlima hauijui.

Mzigo unapungua mtu anapokaa mezani na ramani, kalamu na saa mbili za utulivu. Mimi hufanya hivi. Nachora njia yote, naweka alama kwenye kila maji, kisha naandika umbali kutoka maji hadi maji. Hapo ndipo ninapojua ni wapi lita moja inatosha na ni wapi lazima nibebe nne au tano bila kunung’unika. Kwenye Pacific Crest Trail, njia ndefu ya miguu kule Marekani, kipande cha Hat Creek Rim kina zaidi ya kilomita 40 bila maji ya asili ya kutegemea. Anayefika pale na chupa moja kwa sababu anapenda wepesi anacheza na roho yake. Na kwenye maji usijaze chupa ukaondoka mbio. Kaa chini, tibu maji, kunywa lita nzima palepale, pumzika mpaka tumbo litulie, ndipo uondoke na kinachokufikisha kwenye maji mengine. Maji yaliyo tumboni hayabonyezi mabega.

Baada ya maji nahesabu saa. William Naismith, Mskoti, alitoa kanuni yake mwaka 1892 na bado naitumia: saa moja kwa kila kilomita tano, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Siku ya kilomita 24 yenye mita 1,500 za kupanda ni saa saba na dakika kama ishirini, na hapo hujala, hujapumzika, hujafunga kidonda. Kijana wetu alikuwa amepanga kilomita 30 kila siku, kwa sababu mtu fulani alisimulia kwamba yeye aliziweza. Alizitembea katika mwinuko gani? Hakuuliza. Ukikosea saa unafika kambini gizani, unasimamisha hema mahali pabaya, unalala vibaya, na kesho yake hata begi jepesi ni zito.

Baada ya saa ndipo hali ya hewa, na hapa naomba mnisikilize.

Usiku wa pili tulikuwa bado hatujashuka kutoka kwenye ukingo wa mlima mvua ilipotukuta. Haikuwa kubwa. Ilikuwa ya manyunyu, yenye upepo, ya saa mbili hivi. Nilimwona kijana amesimama anahangaika na kifungo cha mkanda wa begi, kile cha plastiki cha kubana kwa vidole viwili. Anabana, kinateleza. Anabana, kinateleza. Nikamwita, akanijibu kwa maneno mazito kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Vidole vyake vilikuwa vyeupe. Nilimuuliza koti la mvua liko wapi, akasema ameliacha nyumbani.

Lile koti lina gramu 230. Angelibeba angekuwa na kilo 4.53.

Tulifunga turubai hapohapo, tukamvua nguo zilizolowa, tukamvalisha zangu kavu, tukamwingiza kwenye mfuko wa kulalia, tukamchemshia maji ya kunywa. Ule mfuko wake ulikuwa wa manyoya ya bata, na upande mmoja ulikuwa umeshaingia maji. Manyoya yakilowa yanashikana madonge na joto linakwisha. Ilichukua zaidi ya saa moja mpaka aanze kuongea sawasawa. Nyuzi joto hazikuwa hata karibu na sifuri. Baridi ya kuua haihitaji barafu. Inahitaji nguo zilizolowa, upepo, na mtu aliyechoka. Alikuwa ametazama utabiri, ndiyo, lakini wa mji ulio bondeni. Kwa wastani joto hushuka nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Hilo nalo ni la kuhesabu mezani, na halina uzito wowote.

Wapenzi wa gramu hupenda kumtaja Emma Gatewood. Mwaka 1955, akiwa na miaka 67 na mama wa watoto 11, aliimaliza Appalachian Trail, njia ya miguu ya mashariki mwa Marekani, peke yake, zaidi ya kilomita 3,000, na mfuko alioushona kwa mkono ametupia begani na raba miguuni. Basi tunasema: mnaona, bibi yule hakuwa na hema! Kweli, hakuwa nalo. Lakini alikuwa na pazia la plastiki la bafuni la kujikinga na mvua. Aliacha karibu kila kitu, kinga ya mvua akaibeba. Na hatusimulii mwaka wake wa kwanza, 1954. Alikuwa amesoma makala ya jarida iliyoifanya njia ile ionekane rahisi, akaanzia kaskazini, kule Maine, akapotea msituni, miwani yake ikavunjika, walinzi wa hifadhi wakampata na kumshauri arudi nyumbani. Mwaka uliofuata alirudi akaanzia upande wa pili, Georgia, akijua zaidi kilicho mbele yake. Wengine huusifu mfuko wake. Mimi namheshimu kwa kile alichojifunza katikati ya safari hizo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba vifaa vina nafasi yake. Begi, hema na malazi ndivyo vinavyokula kilo nyingi, na mwenye magoti mabovu akibadilisha hivyo vitatu anaweza kurudi njiani alipokuwa ameshakata tamaa. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Mizani pia ninayo, na napima kila kitu, kwa sababu macho hudanganya. Viatu vyepesi, ndiyo, vivaeni. Fimbo, shauri yenu na magoti yenu. Suala la chakula ni la kuchagua vyenye mafuta: gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga ina 4.

Ninachokataa ni mpangilio. Mtu ananunua kwanza, anapima, anaandika namba, halafu usiku wa kuamkia safari ndipo anafungua ramani. Geuzeni. Njia ndiyo iseme utembee siku ngapi, siku ziseme chakula, umbali wa maji useme chupa, mwinuko na msimu viseme nguo. Ukishamaliza hapo utashangaa vitu vingapi vinajitoa vyenyewe kwenye begi, na vichache vinavyobaki hutavitoa hata mtu akucheke.

Jambo la mwisho, maana wengi wetu hatulifanyi. Ule ukurasa wa mpango, wenye kambi za kila usiku na njia za kutokea ikiwa mambo yataharibika, andika nakala mbili. Moja uende nayo ndani ya mfuko usioingiza maji. Nyingine mwachie mtu nyumbani asiyesahau, na juu yake umwandikie siku na saa: kama sijakupigia mpaka hapo, anza kunitafuta.