Abraham Werner na mwamba uliomponza

Abraham Gottlob Werner akitajwa leo, mara nyingi hutajwa kwa kosa lake. Mjerumani huyu, mtaalamu wa miamba na madini aliyezaliwa mwaka 1749 katika familia ya watu wa viwanda vya chuma, alifundisha kwamba karibu miamba yote, hata graniti na basalti, ilitokana na maji ya bahari kuu iliyowahi kuifunika dunia nzima. Volkano kwake zilikuwa jambo la juzijuzi tu: makaa ya mawe yaliyoshika moto chini ya ardhi. Sasa tunajua kwamba basalti ni lava, yaani mwamba ulioyeyuka kutoka kwenye volkano, iliyopoa ikaganda. Kosa ni kosa, ila hukumu aliyopewa naiona ya haraka mno.

Kwanza tutazame alichokiona. Katika kilima cha Scheibenberg, huko Saxony, Ujerumani, nguzo za basalti zimesimama juu ya changarawe, mchanga na udongo wa mfinyanzi. Werner alikichunguza mwishoni mwa miaka ya 1780, na machoni pake mchanga uliingia katika udongo, na udongo katika basalti, kidogokidogo, pasipo mpaka wa wazi. Mchanga na udongo huletwa na maji, hilo halina ubishi. Basi akasema basalti nayo imeletwa na maji. Kwa mtu wa Saxony, ambako hakuna hata volkano moja hai, hoja hiyo ilikuwa na mashiko.

Lakini ushahidi wa upande wa pili ulikuwapo tayari. Tangu miaka ya 1760 Mfaransa Nicolas Desmarest alikuwa ameifuata basalti ya Auvergne, eneo la Ufaransa, hadi kwenye volkano zilizozimika ilikotoka. Werner hakufunga safari kwenda kuitazama. Wapinzani wakauliza: maji yote hayo yalikwenda wapi? Jibu la kuridhisha hakuwa nalo. Baadaye Charles Lyell, mwanajiolojia wa Uingereza, alimlaumu kwa kuifanya sehemu ndogo ya Ujerumani kuwa kielelezo cha dunia nzima, na lawama hiyo naikubali. Kukosea si aibu kwa mtafiti. Kinachonisumbua ni kwamba aliyasema hayo kama jambo lililokwisha thibitika, mbele ya vijana waliotoka nchi nyingi kumsikiliza.

Na hapo ndipo kesi yake inapogeuka, kwa sababu vijana haohao ndio waliomwangusha.

Werner alifundisha katika Chuo cha Madini cha Freiberg kuanzia 1775 hadi alipofariki mwaka 1817. Hakupenda kuandika, kazi yake ilikuwa darasani. Kitabu chake cha mwaka 1774, alichokitoa akiwa na miaka 24 hivi, kilieleza namna ya kutambua madini kwa milango ya fahamu: rangi, mng'ao, ugumu, uzito, jinsi jiwe linavyovunjika, hata harufu na ladha. Kabla yake majina ya madini yalikuwa vurugu. Friedrich Mohs, ambaye kipimo chake cha ugumu cha mwaka 1812 bado kinatumiwa na wauza vito, alikuwa mwanafunzi wake na ndiye aliyemrithi Freiberg. Alexander von Humboldt, mtafiti na msafiri maarufu, naye alisoma hapo, kisha volkano za Amerika zikambadilisha mawazo.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa mwanafunzi mwingine, Leopold von Buch. Mwaka 1802 alifika Auvergne akiwa bado na heshima kubwa kwa mwalimu wake. Alikuta volkano zimekaa moja kwa moja juu ya graniti. Kwa mafundisho ya Werner mwenyewe, graniti ndiyo mwamba wa kale kuliko yote, na makaa ya mawe hayawezi kuwa chini yake. Basi moto ule ulitoka wapi? Von Buch hakuhitaji nadharia ngeni ili kuliona tatizo hilo. Lilimtosha jicho la kutambua mwamba na kujua upi umetangulia upi, na jicho hilo alilipata Freiberg.