Kwa nini dume, si baba?

Juzi, katika mjadala kuhusu mfumo dume, mzee mmoja alinyoosha mkono. "Mbona mnatuita dume? Mimi ni mbuzi?" Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nikaondoka na swali lake.

Maana lugha nyingi, zikiutaja mfumo huu wa wanaume kutawala, zimemshika baba. Wagiriki walianza na patria, ukoo, neno lililotoka kwa pater, baba. Wakaliunga na arkhe, lenye maana ya mwanzo na pia ya utawala. Aliyetangulia ndiye mtawala, basi! Kiarabu kina abawiya, kutoka ab, baba. Kituruki ni ataerki: ata ni baba au mhenga, erk ni nguvu. Kihindi ni pitrisatta, mamlaka ya baba. Kichina kina fuquan, mamlaka ya baba, na pembeni yake nanquan, mamlaka ya wanaume.

Kiswahili kikampita baba mlangoni, kikaenda moja kwa moja zizini. Wala si mara ya kwanza. Beberu ni mbuzi dume, na huko ndiko tulikoupata ubeberu. Mzee wa watu hakukosea sana.

Mimi naupenda ukali huo. Baba ni jina la heshima, na heshima huficha mengi. Robert Filmer, Mwingereza ambaye kitabu chake Patriarcha kilitoka 1680, alitetea wafalme kwa hoja hiyohiyo: mfalme ni baba, raia ni watoto. Jaribu kumtetea mfalme kwa neno dume uone.

Lakini dume lina hasara zake. Katika sheria ya Roma ya kale, mwana wa kiume, hata mwenye mvi, alikuwa chini ya baba yake maadamu baba yu hai na hajamwachilia. Kwamba mfumo huu humkandamiza hata mwanamume, dume halisemi. Tena kwetu ni sifa: "huyo ndiye dume", na mwanamke shupavu tunamwita jikedume.

Nilimfuata mzee nje. Nikamwambia mimi naliangalia zaidi lile neno la kwanza, mfumo, linalotokana na kufuma. Wafumaji ni wengi, yumo hata mama mkwe anayemwambia bi harusi avumilie tu.

Akanitazama. "Sasa mwanangu, na huyo mama mkwe naye ni dume?"

Hapo sikuwa na jibu.