Kuongoza kila fundi kivyake: faida yake na gharama yake

Msimu wa sare za shule ndio unaonionyesha kama najua kuongoza watu au najua kushona tu. Karakana yangu ipo Temeke, ina watu saba na cherehani sita, na kuanzia katikati ya Desemba oda za mashati na sketi hurundikana hadi mlangoni. Katika msimu mmoja wa namna hiyo nilifanya makosa mawili ndani ya wiki moja, kila moja kinyume cha jingine.

La kwanza lilimhusu binti aliyekuwa ametoka chuo cha ufundi miezi miwili tu nyuma. Nilimpa kitambaa cha mashati arobaini nikamwambia, "Kata, nakuamini," nikaenda zangu Kariakoo kutafuta vifungo. Niliporudi nilikuta rundo zuri la mikono, kingo zimenyooka, ila yote ya kushoto. Alikuwa ametandika kitambaa tabaka zote zikitazama juu, na kiolezo hakukigeuza. La pili lilimhusu fundi wetu mkongwe, aliyeanza kushona kabla mimi sijajua kutunga uzi. Kwa hofu ya hasara ile nilisimama nyuma yake nikimsahihisha kila mshono. Akavua tepu shingoni, akaiweka mezani: "Bosi wangu, basi kaa wewe ushone."

Wanaosema kiongozi abadilike kulingana na mtu wana hoja ya siku nyingi. Mwaka 1969 Wamarekani Paul Hersey na Ken Blanchard walieleza kwamba hakuna mtindo mmoja unaofaa wakati wote. Mgeni wa kazi aelekezwe hatua kwa hatua. Akianza kuishika aeleweshwe sababu. Baadaye ashirikishwe kuamua, na mwishowe aachiwe. Kitu ambacho wengi hukiruka ni kwamba wanapima uwezo wa mtu katika kazi ile mahususi. Umri na sifa zake ni jambo jingine. Fundi wetu ni bingwa wa suti, lakini siku nilipoleta mashine ya ovaloki, ile inayofunga kingo za kitambaa zisifumuke, alikuwa mgeni sawa na yule binti.

Nadharia hiyo imepimwa. Mwaka 1987 Robert Vecchio aliijaribu kwa walimu zaidi ya 300 wa sekondari nchini Marekani, na ikaonekana kusimama vizuri zaidi kwa wale wasiokomaa bado katika kazi. Kwa waliokomaa, ushahidi ulififia. Hilo linalingana na niliyoyaona: hasara ya kumwacha mgeni peke yake nilikuja kuihesabu kwa mita za kitambaa.

Upande wa pili, wa mtindo mmoja kwa wote, nao una uzito, hasa kwa sisi wa biashara ndogo. Kiwanda kikubwa kina kuta; kwetu neno ninalomwambia mmoja linasikika na wote sita. Nikikagua kila shati la binti huku fundi mkongwe akifunga oda nzima mwenyewe, wenzao hawaoni hatua za kukua kikazi. Wanaona kipenzi na asiyeaminiwa. Na ikitokea anayeachiwa ni mtoto wa dada yangu, hapo sina la kujitetea. Bosi mwenye mtindo mmoja kwa wote, hata akiwa mkali, angalau anajulikana.

Ila ukali una udhaifu wake. Mwaka 1939 Kurt Lewin na wenzake wawili walichapisha matokeo ya majaribio kwenye klabu za wavulana wa miaka kumi huko Iowa. Chini ya kiongozi wa amri watoto walifanya kazi akiwapo. Akitoka, kazi inalegea. Chini ya yule aliyewashirikisha waliendelea. Mimi hutoka karibu kila siku, kwa hiyo jambo hili linanigusa. Lakini wale walikuwa watoto, na hawakulipwa kwa pisi. Fundi anayelipwa kwa kila shati hangoji niwepo ndipo akanyage cherehani. Nikitoka, kasi huwa inapanda. Kinachoshuka ni ubora wa mshono.

Baada ya kuyapima haya, naamini usimamizi ubadilike mtu kwa mtu, lakini kanuni za kazi ziwe zilezile kwa wote: saa ya kuingia, bei ya pisi, na namna ya kushughulikia hasara. Hapo kwenye hasara ndipo wenye karakana wengi tunapowaumiza watu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi anayedaiwa hasara aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Tena hasara iwe imetokana na kosa lake. Ile mikono ya kushoto niliilipia mwenyewe, kwa sababu nilimkabidhi kazi ambayo sikuwa nimemwonyesha. Angekuwa fundi mkongwe, kanuni ingekuwa ileile, jibu lingekuwa jingine.

Jambo jingine ni kusema wazi. Sasa asubuhi kwenye chai natangaza mbele ya wote: fulani nitamkagua kila shati mpaka Ijumaa, baada ya hapo moja katika kila kumi. Kelele za upendeleo zimepungua sana tangu kila mtu ajue ukaguzi una mwisho, na kwamba naye aliupitia au ataupitia.

Binti siku hizi ndiye mkataji wetu. Kabla hajashika mkasi hulaza mikono miwili ya karatasi mezani, kushoto na kulia, ikitazamana. Ovaloki ndiyo bado inanisumbua: mzee hataki nisimame karibu yake akiitumia. Wiki iliyopita nilimwomba binti akae naye, na alipomwonyesha jinsi ya kupitisha uzi wa tatu, mzee aliinama akatazama.