Gemu ya hobi: uiuze au uiachie bure?

Karibu kila mtu anayetengeneza magemu kwa hobi anafikaga hapa: gemu imeanza kuchezeka, watu wachache wameijaribu, mmoja wao kakaa nayo lisaa lizima bila kulazimishwa na mtu, alafu anakwambia hii si uiuze tu. Kuanzia hapo kichwa kinagawanyika, manake upande mmoja unaona hela ni hela na jasho umetoa, upande mwingine unajua kabisa ulianza hii kitu kwa sababu unapenda magemu tangu mtoto na ukishaweka bei inageuka kazi ya pili. Mabishano ya hii ishu hayaishagi na wengi wanachagua upande haraka sana. Mi naona pande zote mbili zina hoja nzito, ila zote zinasahau kuuliza swali moja: hiyo hela imeanza kuhesabiwa lini, kabla ya gemu kuwepo au baada?

Tuanze na wanaosema uza. Zamani ukitaka gemu yako ifike dukani ulihitaji kampuni ya kuichapisha na vifaa ambavyo mtu wa kawaida hana, saizi mlango uko wazi kabisa. Godot ni injini ya bure, yaani programu ya kutengenezea magemu, tangu 2014 iko wazi kwa leseni ya MIT inayomruhusu yeyote kuitumia, hudaiwi hata asilimia moja hata ukiuza kopi milioni. Unreal, injini nyingine, yenyewe inakuacha mpaka gemu yako iingize dola milioni 1 ndo ianze kuchukua asilimia 5. Kuweka gemu Steam, lile duka kubwa la mtandaoni la magemu ya kompyuta, ni dola 100 kwa kila gemu, na hizo unarudishiwa gemu ikishaingiza dola 1,000, huu utaratibu umeanza 2017, kabla ya hapo ulikuwa unasubiri watu wakupigie kura kwenye mfumo uliokuwa unaitwa Greenlight. Kwahiyo anayesema "huwezi kuuza, we si kampuni" anaongelea mambo ya zamani.

Na mifano ipo, ambayo kila mtu anaitaja. Eric Barone alitengeneza Stardew Valley peke yake miaka kama minne na nusu, programu, michoro, muziki, maongezi ya wahusika, vyote yeye, huku akiwa na kazi ya kukaribisha watu kwenye ukumbi wa maonyesho, gemu ikatoka Februari 2016 na kufikia 2024 ilishapita kopi milioni 30. Balatro ilianza kama hobi ya mtu mmoja mwishoni mwa 2021, imejengwa kwa LÖVE, programu ya kutengenezea magemu ambayo nayo ni ya bure, ikatoka Februari 2024 na ndani ya mwezi mmoja hivi ikawa imeuza kopi milioni, na mtengenezaji wake mpaka leo anajulikana kwa jina la LocalThunk tu.

Lakini kwangu hoja kubwa ya wanaouza sio hao mamilionea wa kopi. Ni kwamba bei inakulazimisha umalize. Yeyote aliyekaa kwenye hii hobi anajua folda ilivyojaa vipande: levo mbili tatu zinazochezeka, mhusika anaruka vizuri, adui mmoja, alafu basi, mzuka umehamia kwenye wazo jipya. Sehemu tamu ya kutengeneza gemu iko mwanzoni, ile siku ambayo kitu kinaanza kusogea kwenye skrini. Sehemu chungu iko mwishoni, menyu, kuhifadhi mchezo ulipofikia, kuhakikisha kontrola ikichomolewa katikati gemu haikwami, kumruhusu mchezaji abadilishe vitufe kwa sababu kuna mtu ana kibodi ya Kifaransa ambayo W na Z zimebadilishana nafasi na kwake zile WASD zako, vitufe vya kumtembeza mhusika, zinakuwa hazijakaa pamoja. Hakuna anayefanya hayo kwa raha. Mtu anayafanya kwa sababu kuna anayetoa hela na huwezi kumpa kitu nusu. Na kuna ufundi ambao unaupata hapo tu, mwanzoni haupo kabisa, kwahiyo mtu ambaye hajawahi kumaliza gemu hata moja kuna nusu ya hii kazi hajaigusa hata kama anaprogramu vizuri kuliko sisi wote.

Kuna na hoja ya maisha, ambayo wanaopenda kusema sanaa isiguswe na hela wanairukaga. Ndugu wawili Tarn na Zach Adams walitoa Dwarf Fortress bure tangu 2006, miaka mingi wakaishi kwa michango ya wachezaji, watu wakaheshimu sana ule msimamo. Alafu Zach akaugua saratani, wakaona gharama za matibabu zinavyoweza kummaliza mtu, ndo wakaamua kutengeneza toleo la kuuza ambalo lilitoka Desemba 2022, na lile la bure wakaliacha palepale. Sioni mtu mwenye akili timamu anaweza kuwaambia wale walikosea.

Sasa upande wa pili. Kwanza soko limejaa mpaka pomoni. Mwaka 2024 peke yake magemu zaidi ya 18,000 yaliingia Steam, hiyo ni kama 50 kwa siku, kila siku, pamoja na sikukuu. Duka linachukua asilimia 30. Ukiuza kopi 100 kwa dola 5 umepata 500, toa fungu la duka unabaki na 350, hapo hujatoa kodi, hujatoa wanaorudisha, na kopi 100 kwa mtu asiyejulikana sio kitu cha kubeza hata kidogo. Sasa gawa hiyo hela kwa masaa ya jioni zote ulizokesha. Kwa hiyo hesabu, mtu anayesema anauza ili apate hela kwenye gemu ya kwanza anajidanganya, na mbaya zaidi anaweza kuja kuamini kwamba gemu ni mbaya kwa sababu haijauza, wakati kuna uwezekano mkubwa hakuna aliyeiona.

Pili, ukishaweka bei mchezaji ana haki na wewe. Gemu ya bure ikigoma kwenye kompyuta ya mtu anahamia nyingine, ukimsaidia anakushukuru. Aliyelipa anataka jibu, na ana haki ya kulitaka. Unarudi nyumbani umechoka, ulipanga leo utachora bosi wa levo ya 4, unakuta ujumbe kwamba apdeti ya jana imefuta mchezo wa mtu aliyekuwa amefika mbali, jioni imeisha hapo. Bado kutengeneza treila, kuandika maelezo ya duka, kufukuzana na watu waweke gemu kwenye orodha yao ya kusubiria. Hii yote ni kazi halali ila haina uhusiano na kile kilichokufanya uanze.

Na hapa ndo nafika kwenye lile swali la lini. Mwaka 1973 wanasaikolojia Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walifanya jaribio na watoto wadogo ambao tayari walikuwa wanapenda kuchora. Kundi moja waliahidiwa cheti wakichora, kundi la pili wakachora alafu wakapewa cheti kwa kushtukizwa, kundi la tatu hawakupewa kitu. Baadae watoto wakiachwa wafanye wanachotaka, wale walioahidiwa tangu mwanzo ndo walichora kidogo kuliko wenzao. Waliopewa bila kutegemea mapenzi yao hayakupungua. Yaani zawadi yenyewe haikuua kitu, kilichoua ni kuchora huku ukiiwazia zawadi.

Sisi sio watoto na gemu sio mchoro wa dakika chache, lakini ukiangalia magemu mengi tunayoyapenda utaona yamepita njia hiyohiyo. Daisuke Amaya alitengeneza Cave Story kwa muda wake wa ziada kama miaka mitano akaitoa bure 2004, matoleo ya kulipia yalikuja miaka mingi baadae. Celeste ilizaliwa kama kagemu kadogo kalikotengenezwa kwa siku nne kwenye PICO-8, programu ya kutengenezea vigemu vidogo vya mtindo wa zamani, ya bure, ile kubwa ya kuuza ikatoka 2018. Hata Barone alianza kama mazoezi ya kuprogramu ili apate ajira. Hela ilikuja baada ya gemu kuonyesha kwamba ipo.

Ila nisifanye hii iwe sheria manake haiwi. Toby Fox aliomba hela za Undertale kwenye Kickstarter, mtandao wa kuchangisha watu hela za mradi, 2013, akapata zaidi ya dola 51,000 kabla gemu haijaisha, na ikatoka 2015 ikiwa na roho kuliko magemu mengi ya bure niliyocheza. Na kinyume chake pia kipo, Dong Nguyen alitoa Flappy Bird 2013, ya bure yenye matangazo, ikakaa miezi kimya alafu ikalipuka, ikaripotiwa inaingiza dola 50,000 kwa siku, hela ambayo hakuitegemea kabisa, na Februari 2014 akaiondoa mwenyewe kwa sababu kelele za watu zilikuwa zimemharibia maisha. Kwahiyo hela ya kushtukiza nayo inaweza kukubomoa, hasa ikija na umati.

Kitu kingine ambacho hakisemwi sana ni kwamba tunaotengeneza ni wachezaji kwanza. Ukianza kutengeneza, namna unavyocheza inabadilika, unaanza kuona mishono. Unagundua kwamba kwenye Celeste ukichelewa kidogo kuruka, yaani mguu umeshatoka kwenye ukingo, gemu bado inakuruhusu kuruka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na ndo maana inahisi ya haki wakati ni ngumu vile. Wengine wanasikitika kwamba raha imepotea, kwangu imeongezeka, nacheza nikiwa na heshima zaidi kwa aliyekaa kupima kale kamuda. Kinachoniogopesha ni hatua inayofuata, ukishakuwa muuzaji kila gemu unayofungua unaanza kuipima kama mshindani, bei yake, rivyu zake, picha yake ya dukani. Nimeona watu wenye mapenzi makubwa na magemu wakifika hapo, wanaongea mauzo tu, hawachezi tena. Hasara hiyo haimo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Msimamo wangu basi: magemu ya mwanzo achia bure, lakini yamalize kana kwamba yanauzwa, na menyu na kuhifadhi na vitufe vya kubadilisha. Bei iweke siku ambayo una gemu ambayo watu wasiokujua wanairudia, na wewe mwenyewe uko tayari kuihudumia miaka miwili mbele hata ikiuza kopi 40. Kazi inayokulipa usiiache kwa sababu ya namba za watu wanaosubiria. Na katikati kuna sehemu nzuri sana ambayo watu wanaidharau: itch.io, duka la mtandaoni la magemu madogo, inakuruhusu kuweka lipa unachotaka kuanzia sifuri, na unachagua mwenyewe duka lichukue asilimia ngapi, hata sifuri. Anayependa anatoa, asiyetoa anacheza, na hakuna aliyezinunua jioni zako.

Mahali ambapo bado sijaridhika na jibu langu ni magemu mafupi. Steam wanamrudishia mtu hela akiomba ndani ya siku 14 na akiwa amecheza chini ya masaa 2, sheria nzuri kwa mnunuzi, lakini gemu yako ikiwa ya dakika 50 mtu anaimaliza, anaandika kwamba ameipenda, na anarudishiwa hela yake yote. Na watu wa hobi wengi magemu yetu ni ya urefu huohuo, ndo tunayoweza kuyamaliza. Kuirefusha kwa nguvu ili ipite masaa mawili ni kuiharibu. Kwa hizo mpaka sasa naona lipa unachotaka ndo njia yenye afadhali, ingawa inamaanisha wanaojua kusema kitu chao kwa ufupi ndo wanaolipwa kidogo zaidi, na hilo sijalizoea.