Tyubu iliyochoka usiikimbilie na shoti

Peleka TV ya kisogo iliyofifia picha kwa mafundi wetu, hapa Mombasa, kuanzia Mwembe Tayari hadi Kongowea, na jibu litakuwa moja kati ya mawili: itupe, au tuipige shoti. Nayapinga yote mawili. La pili nalipinga zaidi, kwa sababu nililifanya na mpaka leo najuta.

Tyubu ni ile chupa kubwa ya kioo inayoonyesha picha. Ndani ya shingo yake mna kathodi, vijibomba vidogo vilivyopakwa oksidi za bari na strontiamu. Hita, yaani kijiwaya cha kupasha moto, ikivipasha, elektroni hutoka na kwenda kupiga ule unga wa rangi ulio nyuma ya kioo. Miaka ikipita, ngozi ya juu ya mpako huingia uchafu na elektroni zikapungua. Tyubu ya rangi ina kathodi tatu, na mara nyingi nyekundu ndiyo hulegea kwanza. Ukiwasha, picha yaja ya kijani na buluu, nyuso za watu kama za wagonjwa, wekundu uingie baada ya dakika kumi.

Kupiga shoti ni kuongeza moto wa hita, kisha kupitisha umeme mkali kati ya kathodi na gridi ya kwanza, kile kikombe cha chuma kilicho mbele yake, ili ngozi mbovu ing'oke na mpako wa chini ujitokeze. Hufanya kazi, sikatai. Lakini mpako huo ni mwembamba mno, na kilichong'oka hakirudi. Tyubu ya mteja mmoja wa Majengo niliipiga hivyo. Cheche ya buluu ikaruka shingoni, sindano ya kipimo ikaanguka kwenye sifuri, kijani kikafa papo hapo. Pesa zake nilimrudishia. Tyubu ningeitoa wapi, na viwanda vikubwa viliacha kuzitengeneza zamani?

Mwaka jana ami yangu wa Kibokoni aliniita. TV yake ya inchi 20, ya miaka ya 1980, ilikuwa imeshahukumiwa na mafundi wawili kuwa tyubu imekufa. "Wewe nawe ukisema imekufa, nitakubali," aliniambia. Nilichomoa soketi ya shingoni nikaunga kipimo cha tyubu cha zamani cha B&K, kile kinacholeta umeme wake chenyewe kwenye hita. Sindano ya nyekundu ilisimama katikati, wala si kwenye eneo la ubovu. Basi tyubu ilikuwa hai! TV yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiinyima chakula.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Hita inataka volti 6.3, na katika TV nyingi za rangi umeme huo hutoka kwenye flaibeki, transfoma inayozalisha umeme mkubwa wa tyubu, ukicheza zaidi ya mara 15,000 kwa sekunde. Mita ya kawaida iliyotengenezwa kwa umeme wa ukutani hudanganya hapo. Mimi nilizima taa, nikatazama shingoni kwa macho: wekundu hafifu, kama kaa linalokaribia kuzimika. Nikafuata njia ya hita hadi kwenye rezista moja (kizuizi cha umeme) kwenye bodi, na lehemu ya mguu wake ilikuwa na ufa mwembamba wa mviringo. Soketi nayo ilikuwa na kutu ya kijani. Hewa yetu ya chumvi haiachi kitu. (Kutu hiyo ikiingia kwenye pini ya fokasi, ile inayonoa picha, picha huamka na ukungu na kusafika pole pole, na watu huisingizia tyubu.) Nikalehemu upya, nikabadilisha soketi.

Kisha nikaiacha iwake saa nne kila jioni, jioni tatu. Tyubu iliyolala miaka mara nyingi hurudisha nguvu kwa kuwashwa tu. Kama isingetosha, ningepandisha hita kidogo hadi volti 7 hivi. Shoti ningeifikiria mwisho kabisa, na baada ya mwenyewe kukubali kwamba huenda akaikosa yote.

Jambo moja kwa vijana wanaojifunza: tyubu ya rangi hubeba volti 20,000 na zaidi, na hubaki nazo hata plagi ikitolewa. Imwage kwanza kwa waya uliofungwa kwenye ardhi ya tyubu yenyewe, ule waya mtupu ulio mgongoni mwake, ndipo uguse.

Jioni ya tatu ami alileta kanda ya harusi yao. Kwa miaka leso ya marehemu shangazi ilionekana ya kahawia kwenye ile TV, hata wajukuu walidhani ndiyo rangi yake. Kanda ikazunguka, shangazi akatokea mlangoni na leso nyekundu ya damu ya mzee. Ami alisogeza kiti karibu na kioo, akaniomba nirudishe nyuma kidogo.