Programu Inaaga, Haiondoki

Hapa dukani kwetu Chuno, Mtwara, tunatoa kopi, tunaprinti, tunachapa barua. Kompyuta ni moja, ramu, yaani memori ya kufanyia kazi, GB 4, na bosi anaamini hiyo ni nyingi kwa sababu simu yake ina GB 3 na inapiga picha.

Sasa kuna hii programu ya kuskani. Ikiwa wazi sina ugomvi nayo. Ugomvi unaanza ukiifunga. Unabonyeza kile ki-X, dirisha linapotea, unadhani imeondoka. Wapi! Fungua Task Manager, pale Windows inapoorodhesha programu zinazofanya kazi, uone: imejikalia palepale, imeshika megabaiti 900, kama shemeji aliyekuja arobaini, akaaga wiki iliyopita, na bado anauliza leo tunapika nini. Ukiifungua tena, ile ya kwanza haiamki, inazaliwa nyingine. Sasa mashemeji wawili.

Na msimu ndio huu. Minada ya korosho imeanza, kila mkulima anataka kopi ya kitambulisho na ya kadi ya benki, foleni imefika kwa muuza chapati. Ramu ikijaa, Windows inaanza kuhamishia mambo kwenye diski ya kutunzia mafaili, na yetu ni ile ya kuzunguka, inakoroma. Kaduara kanazunguka. Mzee mmoja kutoka Nanyamba akauliza, "Mjukuu wangu, hiyo inahesabu hela zetu?"

Ushauri sasa! Kila mtu fundi. Bosi: "Piga windo upya." Kijana wa duka la simu: "Futa picha." Picha ziko kwenye diski, ndugu yangu, ramu haina hata habari nazo! Mwingine akaniletea programu ya kusafisha memori, na yenyewe ikaingia humohumo ikajitandikia mkeka.

Ukweli ni kwamba prosesi, yaani programu inayofanya kazi, ikifa sawasawa, Windows inachukua memori yake yote. Kwa hiyo kama haijarudi, marehemu yupo hai. Unamtafuta kwenye Task Manager, unabonyeza End task. Kama kwenye orodha hayupo na ramu bado imejaa, mshukiwa wa kwanza ni draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa kama skana, na huyo hana pa kubonyeza.

"Basi izime, uiwashe," bosi akasema. Nikazima, nikawasha, draiva bado yumo na vyake vyote. Kumbe tangu Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup. Ukizima, programu zinafungwa kweli, ila kiini cha Windows na madraiva vinalazwa kwenye diski, kesho vinaamshwa na uchovu wao. Anayesafisha kweli ni Restart. Nikamweleza bosi kwamba kuzima hakuzimi, kuwasha upya ndiko kunakozima. Akaniuliza nimekunywa uraka saa ngapi.

Jana jioni nachapa barua ya yule mzee, ramu asilimia 98, nimebonyeza kusevu na kaduara kanazunguka, umeme ukakatika. Mji ambao gesi ya Msimbati inasafiri kwa bomba mpaka Dar es Salaam, umeme ukakatika! Ndipo ramu ikaachia kila kitu bila ubishi, shemeji, draiva, na barua nzima.

Mzee akaniuliza kama nusu ya hela aliyolipia barua anaipata leo au arudi kesho.