Kabla ya Kufungua Kopo la Matunda, Okota Mabibo

Msimu wa korosho ukishaanza, kuanzia Oktoba hivi, huku Mtwara mazungumzo yote ni bei. Mnada wa Tandahimba umekwendaje, Newala wakulima wamekubali au wamegoma, malipo yataingia lini. Habari za bibo, tunda la mkorosho, haulizi mtu. Tunang'oa korosho, tunda lenyewe tunaliacha chini ya mti liliwe na nzi, isipokuwa yale yanayokusanywa kwa ajili ya pombe za uraka na gongo. Halafu Jumapili wageni wakija tunakimbilia dukani kununua kopo la matunda yaliyotoka ng'ambo, yamelowa sukari hadi hujui unakula pichi au pea. Jambo hili linaniuma kweli. Mabibo hayo hayo, yakipata shira na tui la nazi, yanatosha kuwa kitindamlo cha wageni.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza ni lile la shangazi yangu: "Mwanangu, mabibo ni ya walevi, utawapaje watu wenye heshima zao?" Shikamoo yake naiheshimu, lakini ndizi nazo hupikiwa pombe, nanasi nalo, na sijaona mgeni aliyekataa nanasi mezani. La pili lina uzito zaidi: ukakasi. Bibo lina tanini nyingi, na tanini hunasa protini za mate, ndiyo maana ulimi unakauka na koo linakereketa. Wengi walionja wakiwa watoto wakaapa hawarudii. Lakini ukakasi ni kazi ya jikoni, unapungua sana ukijua namna.

Chagua mabibo yaliyoiva leo, yasiyopasuka, manjano au mekundu, yoyote. Yakilala siku moja kwenye joto letu yameshaanza kuchachuka. Korosho ing'oe mwenyewe kwa kuizungusha, usiwaachie watoto waing'ate, kwani mafuta ya ganda lake bichi huunguza midomo. Vaa nguo ya kazi pia, maana doa la bibo halitoki. Osha, kata ncha zote mbili, kisha kata vipande vya duara vyenye unene wa kidole. Chemsha maji, tia chumvi kiasi cha kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja, tumbukiza vipande kwa dakika tano. Mwaga maji hayo, suuza kwa maji baridi, kisha kamua kila kipande kidogo kwa kiganja. Hapo utaona maji yenye ukungu yakitoka, na kipande kinabaki laini kama sponji, tayari kunywa chochote utakachokipa.

Kipe shira. Sukari, maji, iliki iliyopondwa na ndimu nusu, ichemke mpaka ianze kunata, ndipo utie vipande vichemke humo dakika chache. Epua, acha vipoe humo humo.

Tui ndilo lenye thamani kuliko yote hapa, na ndipo watu wanapofanya haraka. Kuna nazi kila mahali kwetu, basi kuna nini tena kufuata maziwa ya unga? Ikune nazi moja kubwa, chukua tui la kwanza tu. Koroga wanga wa mahindi vijiko viwili na tui baridi kidogo, changanya na lililobaki, tia sukari na chembe ya chumvi, weka kwenye moto mdogo. Koroga upande mmoja bila kuondoka, maana moto ukiwa mkali tui linakatika na mafuta yanaelea juu. Likianza kuushika mwiko, limeiva.

Panga kwenye bilauri: mabibo, tui, mabibo tena, tui juu. Funika, tia frijini kwa saa tatu au zaidi. Korosho zilizokaangwa zivunjevunje juu wakati wa kupakua, si kabla, zikilala humo zinalegea na utamu wake wote ni ule mlio wa meno. Asiye na friji anunue barafu kwa jirani mwenye friza, azungushie bilauri ndani ya beseni na kulifunika kwa gunia bichi. Mchana wa Desemba, kabla mvua haijashika, ukiletewa kitu hicho baada ya wali na samaki hutauliza kopo liko wapi.

Bibo lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Moto hupunguza sehemu yake, ni kweli, lakini kinachobaki si haba, na kinazidi kile kinachooza shambani.

Wenye migahawa ya Shangani na Mikindani hapa Mtwara, hili nawaambia ninyi hasa. Mgeni anasafiri mpaka kwenye nchi ya mikorosho, nanyi mnampa juisi ya boksi. Mwekeeni bibo msimu huu. Ongeeni na mkulima mmoja tu wa karibu, nendeni asubuhi wakati wanaokota, na mchukue ndoo au matenga, si magunia, kwa sababu mabibo ya juu yatayaponda ya chini kabla hamjafika mjini.